Goti bandia na pikipiki: dalili, chanzo na la kufanya kwa waendeshaji wa Arusha na Moshi

Goti bandia ni vyuma viwili na plastiki ngumu katikati. Chuma kimoja kimefunika ncha ya mfupa wa paja, kingine kimekaa juu ya mfupa wa muundi. Vyuma havina cha kupona. Kinachopona ni ngozi, nyama na msuli wa paja vilivyokatwa na kusogezwa ili vyuma viingie, na karibu kila usumbufu wa miezi mitatu ya mwanzo unatoka huko. Mwendesha pikipiki anaongezewa mzigo wake: anarusha mguu juu ya kiti, anakanyaga gia au breki, anapiga kiki, na kwenye kila tuta anashusha mguu kuzuia kilo 120 zisilale chini. Ndiyo maana ushauri aliopewa jirani mwenye gari haumtoshi.

Pima kabla ya kutafuta kosa

"Goti bado halijakaa sawa" ni maneno yasiyomsaidia daktari wala wewe. Chukua vipimo vitatu kila Jumamosi na uviandike.

Kukunja: kaa kwenye kiti kigumu, paja likiwa limelala sawa. Funga nati kwenye uzi, kama timazi ya fundi mwashi, uining'inize kutoka katikati ya goti kwa upande wa nje. Rudisha mguu nyuma kadiri unavyoweza. Kifundo kikiwa sambamba na uzi, umefika digrii 90. Kikipita nyuma ya uzi, umezidi hapo; andika kimepita sentimita ngapi.

Kunyoosha: lala kitandani mguu ukiwa umenyooshwa, mtu apitishe mkono chini ya goti. Kiganja kilicholala kikipita kwa shida, uko vizuri. Ngumi ikipita, goti halijanyooka, na hilo ni baya kuliko watu wanavyodhani.

Uvimbe: chukua futi ya fundi cherehani, zungusha katikati ya kilegesambwa kabla hujatoka kitandani, kisha jioni. Pima magoti yote mawili.

Malengo ya kawaida ni kukaribia digrii 90 mwisho wa wiki ya 2, na digrii 110 hadi 120 ifikapo wiki ya 12. Goti linalosogea polepole lakini kila wiki linasogea lina afya. La kuogopa ni lile lililosimama wiki tatu, au linalorudi nyuma.

Dalili ambazo hazitatuliwi nyumbani

Shavu la mguu likiuma, likivimba na kuwa la moto, hasa mguu mmoja tu, fikiria damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukibanwa pumzi ghafla, ukiumwa kifua unapovuta hewa au ukikohoa damu, huenda donge limefika kwenye pafu, na hapo dakika zina maana. Jeraha linalotoa majimaji baada ya wiki ya kwanza, usaha, wekundu unaotambaa, homa yenye kutetemeka, maumivu yaliyokuwa yamepungua kisha yakapanda kwa kasi: hayo ni ya maambukizi mpaka ithibitishwe vingine. Usipoweza kuinua unyayo kuelekea juu, huenda mshipa wa fahamu umebanwa. Na ukianguka, goti likauma na mguu ukakataa kubeba uzito, mfupa ulioshika chuma unaweza kuwa umepasuka. Unahitaji picha ya X-ray siku hiyo hiyo.

Nenda hospitali uliyofanyiwa upasuaji. Ikiwa mbali, nenda kubwa iliyo karibu, KCMC kwa Moshi au Mount Meru kwa Arusha, na mlangoni useme mara moja kwamba una goti bandia. Usiende kwa bodaboda.

Kuna kosa moja linaloharibu magoti mengi ambayo yangeokolewa, nalo ni kununua vidonge vya antibayotiki dukani jeraha linapoanza kutoa maji. Vidonge hivyo vinapoza dalili kwa siku chache bila kuua wadudu waliojificha kwenye chuma. Daktari akija kuvuta maji ya goti kwa sindano ili ajue mdudu ni yupi, maabara haioni kitu. Maambukizi yaliyokamatwa siku za mwanzo mara nyingi husafishwa na vyuma vikabaki. Yaliyofichwa kwa wiki kadhaa humaanisha kutoa vyuma vyote na kuanza upya. Mwache daktari avute maji kwanza, dozi ifuate.

Goti limevimba na ni la moto, ila huna homa

Wiki hizi za mwanzo hilo ni la kawaida, na joto kidogo linaweza kubaki miezi sita au zaidi. Uvimbe unaopanda jioni na kushuka asubuhi unatokana na kusimama au kukaa sana miguu ikining'inia. Lala, inua mguu juu ya usawa wa moyo, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara nne au tano kwa siku. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Upande wa nje wa kovu una ganzi kwa sababu vijishipa vya ngozi vilikatwa, na ngozi yenye ganzi huungua bila wewe kujua. Ganzi hiyo hupungua eneo. Kwa wengine kipande hubaki maisha yote, wala si hatari.

Hapa kwetu mgonjwa akitoka hospitali, wa nyumbani huchemsha maji wamkande. Wanafanya kwa upendo, lakini maji ya moto kwenye goti jipya yanaongeza damu mahali palipojaa tayari, na uvimbe unazidi. Waombe wakukande mgongo. Shavu la mguu lisichuliwe kabisa na mtu yeyote wiki za mwanzo, hata kwa mafuta mazuri: donge la damu likiwepo, kuchua kunaweza kuling'oa. Majani ya dawa yasikaribie jeraha kabla halijafunga kabisa.

Ukiwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, imalize kwa siku ulizoandikiwa, na usijiongezee diclofenac au ibuprofen ya dukani bila kumuuliza aliyekuandikia. Zikikutana zinaongeza hatari ya kutoka damu tumboni na ndani ya goti lenyewe. Kwa wengi, parasetamo vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24, inatosha kubeba mchana. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza.

Goti halinyooki

Chanzo kikubwa ni mto. Mto chini ya goti unatuliza usiku, na ndio unaolifundisha goti kubaki limekunjwa. Uweke chini ya kisigino, goti lining'inie hewani, dakika 10 mara tatu kwa siku. Huku umelala hivyo, kaza msuli wa paja kama unayesukuma goti lizame kwenye godoro, hesabu mpaka 5, achia. Fanya mara 10. Goti lisilonyooka linakufanya uchechemee, na kwenye pikipiki linafanya mguu usifike chini vizuri unaposimama.

Goti halikunji vya kutosha kukaa kwenye kikanyagio

Kwenye pikipiki za kawaida za bodaboda, kama Boxer au TVS, goti hukunjwa kati ya digrii 90 na 100, na mtu mrefu hukunja zaidi. Kama timazi inakuonyesha 90 tu, utakaa, ila utakaa umebanwa, na ukifika umbali wa Moshi hadi Boma Ng'ombe goti litakuwa limekakamaa kama mti.

Angalia kwanza kama ni uvimbe. Maji yaliyojaa ndani yanazuia goti kukunja hata mazoezi yawe mazuri namna gani, kwa hiyo barafu na kuinua mguu vinatangulia. Kama uvimbe umeshuka na bado halikunji, ni kovu la ndani. Kaa kwenye kiti, telezesha unyayo nyuma sakafuni ukiwa na soksi mpaka uhisi kuvutwa, kisha usiuondoe unyayo ila sogeza makalio mbele kidogo. Shikilia sekunde 20 hadi 30, rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Kuvutwa ni sawa. Maumivu makali yanayobaki zaidi ya saa moja baada ya zoezi yanaonyesha umezidisha, na goti litavimba kesho.

Ikifika wiki ya 6 na hujavuka digrii 90, rudi kwa daktari wa mifupa bila kusubiri. Kuna utaratibu wa kukupa usingizi na kulikunja goti kwa mikono ili kovu liachie, na hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya wiki 12 za mwanzo. Aliyekaa nyumbani miezi mitano akisema "litakaa tu" ameukosa.

Upande wa pikipiki, fundi wa viti anaweza kuongeza sponji ya sentimita 3 hadi 4. Kila sentimita inafungua goti kidogo. Ila kama tayari unagusa chini kwa vidole tu, usiongeze. Mguu usiofika chini ni hatari kubwa kuliko goti lililobanwa.

Choo cha kuchuchumaa kinadai zaidi ya digrii 120, kwa hiyo kisikupime. Kiti cha plastiki chenye miguu imara, kilichotobolewa katikati, kinamaliza shida hiyo kwa gharama ndogo.

Mguu unalegea ghafla

Mara nyingi ni msuli wa mbele wa paja. Mwezi wa kwanza msuli huo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na hauamki wenyewe kwa kutembea tu. Jipime: umelala, inua mguu wote ukiwa umenyooka, sentimita 20 kutoka kitandani. Goti likikunjika kidogo wakati wa kuinua, msuli bado haujashika, na hupaswi kusimamia mguu huo ukiwa na pikipiki. Fanya zoezi hilo hilo mara 10, mara tatu kwa siku, kisha uendelee na kupanda na kushuka ngazi moja ya sentimita 10, baadaye 20. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima. Ngazi unapanda kwa mguu mzima kwanza, unashuka kwa uliopasuliwa kwanza.

Kama msuli una nguvu na goti bado linayumba upande, hilo ni la daktari, kwa kuwa huenda kano hazijabana sawasawa. Mlio wa "tak" usio na maumivu ni chuma kugusa plastiki. Uache ulie.

Umerudi barabarani na mambo hayaendi

Wengi huruhusiwa kupanda pikipiki kati ya mwezi wa pili na wa tatu, daktari akishakagua. Tarehe peke yake haitoshi. Kabla ya kuomba ruhusa, uwe na digrii 100 au zaidi bila kusukuma kwa mkono, usimame kwa mguu uliopasuliwa sekunde 10 bila kushika kitu, uwe umeacha fimbo, na usiwe unatumia tramadol au dawa nyingine ya kusinzisha. Kisha panda pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, injini imezimwa, mtu ameishika, na ukanyage breki ya nyuma kwa nguvu mara 10 za haraka. Mguu ukisita hata mara moja kwa kuogopa maumivu, siku yako haijafika. Lori likikata mbele yako Tengeru, hutapata nafasi ya kusita.

*Kupanda kunauma.* Wengi tunapanda kutoka kushoto, tukisimamia mguu wa kushoto na kurusha wa kulia. Kama goti la kulia ndilo lililopasuliwa, tatizo ni keria na mzigo nyuma: mguu unalazimika kupanda juu na kukunjwa kwa wakati mmoja. Toa boksi, egesha pikipiki kando ya ukingo au ngazi, simama juu ya ngazi hiyo, ndipo uvushe mguu. Kama ni la kushoto, kosa ni kuzunguka ukiwa umeliegemea huku unyayo umeng'ang'ania chini. Hapo goti linasokotwa. Weka stendi kubwa mahali tambarare na upande kutoka kulia. Stendi ndogo haifai kwa njia hiyo, kwa sababu pikipiki imelala kushoto na kiti kimeinuka upande wako. Kuivuta juu ya stendi kubwa kunahitaji mguu wenye nguvu, kwa hiyo miezi hiyo mwombe mtu.

*Kiki.* Kwa kawaida ipo kulia, na injini ikirudisha inapiga goti kwa kusokota. Mwenye goti bandia la kulia asipige kiki kabisa mpaka daktari aseme wazi. Tumia stata, na ihudumie: betri ichajiwe, plagi isafishwe, choki ifanye kazi. Asubuhi za Juni na Julai hapa ni za baridi, na ndipo pikipiki mbovu inapokudai kiki 15.

*Gia inaumiza goti la kushoto.* Kuinua gia kwa vidole kunavuta msuli wa mbele wa muundi mpaka karibu na goti. Gia yenye pedeli mbili, ya kidole na ya kisigino, inaondoa kuinua kote; unakanyaga tu. Kama yako ina pedeli moja, legeza bolti inayobana mkono wa gia (kwa kawaida spana namba 10), uchomoe, uurudishe ukiwa umesogea jino moja chini, ukaze. Jaribu gia zote pikipiki ikiwa imesimama kabla ya kwenda popote.

*Breki ya nyuma inachelewa au inachosha goti la kulia.* Angalia mchezo wa pedeli: itembee milimita 20 hadi 30 ndipo breki ishike. Ikizidi, kaza nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki kwenye gurudumu la nyuma, nusu mzunguko kila mara, kisha zungusha tairi kwa mkono uhakikishe halibani. Pedeli iliyo juu kuliko kikanyagio inalazimisha mguu uning'inie hewani safari nzima, na hapo ndipo uchovu unapotoka.

*Mguu unateleza au unashtuka unaposimama.* Hili linahitaji kuangaliwa kwa makini, maana wengi wanaoanguka huanguka wakiwa wamesimama. Tunaendesha kushoto, na barabara imeinama kuelekea kingo ili maji yatiririke. Mguu wa kushoto kwa hiyo unakuta ardhi iko chini zaidi, na pikipiki inataka kulalia huko. Mwenye goti la kushoto ajifunze kushusha wa kulia, akizuia kwa breki ya mbele. Kwenye mwinuko, kama barabara za kupanda Kibosho, Uru au Machame, hilo ni gumu kwa sababu mkono huo huo unaoshika breki ndio unaotoa mafuta. Lizoee kwanza mahali tambarare: vidole viwili kwenye breki, kiganja kwenye mafuta, achia klachi mpaka injini iivute pikipiki, ndipo uachie breki. Mwenye goti la kulia ana nafuu, anashusha wa kushoto na wa kulia unabaki kwenye breki. Wote wawili wasimame mbali na kingo zenye kokoto, na pikipiki isimame kabisa kabla unyayo haujagusa lami. Kuburuza mguu kunasokota goti.

*Goti linavimba baada ya kila safari.* Tumia kipimo cha asubuhi. Uvimbe wa jioni ukiwa umeshuka kesho yake, safari ilikuwa ya kiasi chako. Usiposhuka, punguza nusu na upumzike siku moja. Anza dakika 10 hadi 15, bila abiria, bila mzigo, bila barabara ya vumbi. Wa Moshi ana bahati ya tambarare ya kuelekea TPC, kwenye mashamba ya miwa. Wa Arusha atafute kiwanja cha shule siku ya Jumapili. Ongeza dakika 10 kwa wiki. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80 zenye matuta mengi, na mwaka wa kwanza usizikate bila kushuka: Usa River na Boma Ng'ombe, simama, nyoosha goti mara 20, tembea dakika 5. Shokapu mbovu na tairi lililojazwa kupita kiasi vyote vinaishia gotini. Vaa kinga ngumu ya goti iliyo pana, isiyobana juu ya kilegesambwa.

Abiria naye asiharakishe. Kwenda kwenye mazoezi ya fiziotherapia wiki za mwanzo, tafuta taksi, ukae mbele, kiti kimerudishwa nyuma. Aliyepasuliwa MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, akirudi kwa basi achukue siti ya kando ya njia, apige pampu ya kifundo (kupandisha na kushusha unyayo) mara 20 kila nusu saa, na basi likisimama Korogwe ashuke atembee hata kama hana njaa.

Ilikuwa salama, sasa baada ya mwaka au zaidi linauma tena

Maumivu ya hatua za kwanza ukisimama, yanayotulia ukishatembea kidogo, yanaweza kuashiria chuma kimeanza kulegea. Uvimbe mpya kwenye goti lililokuwa limepoa unaweza kuwa maambukizi yaliyosafiri na damu kutoka jino bovu, jipu, kidonda cha kisukari au njia ya mkojo, hata miaka mingi baadaye. Jino litibiwe mapema, na kidonda cha mguuni kisiachwe kwenye vumbi. Omba nakala ya picha ya X-ray ya mwaka wa kwanza uihifadhi mahali pakavu. Bila picha ya zamani ya kulinganisha nayo, daktari hatajua kama chuma kimesogea au kilikaa hivyo tangu mwanzo.